Kabla ya Kusema Kazi ya Mungu Haina Makosa

    Majirani zetu Waislamu mliofungulia redio saa hizi, msihame stesheni. Mengi nitakayoyasema leo yanatokea msibani, na msibani tunakaa wote kwenye mkeka mmoja.

Tumo katika Juma Kuu. Keshokutwa ni Ijumaa Kuu. Wakatoliki watapita vituo 14 vya Njia ya Msalaba, wengine watakaa kanisani saa tatu mfululizo wakisikiliza yale maneno saba ya Yesu msalabani, kila neno na mhubiri wake. Kwa hiyo huu ndio wakati ambapo mateso yanahubiriwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Nami leo nataka tuzungumze juu ya mahubiri hayo. Sikusudii kuhubiri, kazi hiyo ina wenyewe, wenye kanzu na kola. Mimi ni mtu wa benchi la nyuma. Nimewasikiliza wahubiri kanisani, nimewasikiliza viwanjani kwenye mikutano ya injili, nimewasikiliza ndani ya basi alfajiri wakati abiria wengine wanatafuta usingizi. Na zaidi ya kote, nimewasikiliza chini ya turubai, jeneza likiwa mbele yetu.

Swali langu ni hili, ndugu msikilizaji. Mhubiri anapokutana na mtu anayeumia, anamwambia nini? Na hilo analomwambia, ni kweli?

Natoa mfano. Kuna kijana wa bodaboda, mke wake bado mdogo, watoto wawili. Amegongwa na lori lililoovateki kwenye kona, mahali ambapo hata mtoto wa shule anajua hapaovatekiwi. Mtaa mzima unajua kisa chake. Dereva alikuwa hajalala siku mbili, na tajiri wake alikuwa anampigia simu kila baada ya nusu saa: umefika wapi, umefika wapi. Siku ya mazishi viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wako chini, kwaya imeimba mpaka imekauka koo. Mhubiri anasimama. Anasema: ndugu zangu, kazi ya Mungu haina makosa. Amina. Anasema: Mungu amempenda zaidi kuliko sisi. Amina. Anasema: saa yake ilikuwa imefika. Amina.

Ngoja kwanza. Nani aliyeovateki kwenye kona? Mungu?

Msinielewe vibaya. Sikusema maneno yale hayana faida. Yana faida, tena ambayo watu wa mijini huisahau. Ziko sehemu za nchi hii ambako kijana akifa ghafla, kabla maziko hayajakwisha watu wameshaanza kunong'ona: nani kamroga? Na macho yanaelekea kwa bibi kizee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Wako vikongwe waliouawa kwa minong'ono ya namna hiyo. Sasa mhubiri anaposimama na kutangaza mbele ya ukoo mzima kwamba hii ni kazi ya Mungu, huenda hajui, lakini amemfungia mlango mtu mwenye panga. Amemwokoa yule bibi. Kwa hilo nampa heshima yake.

Lakini sentensi ileile iliyomwokoa bibi imemwokoa pia dereva. Imemwokoa tajiri mwenye lori. Imemwokoa na aliyetakiwa kuweka alama na matuta kwenye kona ile tangu ajali ya kwanza. Wote hao wamekaa msibani, pengine wametoa na rambirambi, na wote wameitikia amina. Mwenye kosa amebaki mmoja tu, naye ni Mungu, ambaye tumekwisha kumwambia hana makosa.

Na si ajali peke yake. Mama amefariki wakati wa kujifungua kwa sababu kituo cha afya hakikuwa na damu, na gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Kazi ya Mungu. Mtoto amekufa kwa malaria kwa sababu baba alichelewa kutoa ruhusa apelekwe hospitali. Kazi ya Mungu. Nauliza tena, na nitaendelea kuuliza jioni hii yote: ni kweli?

Wengi mtaniambia, wewe mtangazaji, hayo yameandikwa. Ayubu alisema. Naam, tuzungumze juu ya Ayubu, maana hakuna mtu wa Biblia anayehudhuria misiba yetu kama yeye. Tukibandika tangazo la kifo, yumo. Tukichonga msalaba wa kaburi, yumo. Ni yale maneno yake ya kwamba Bwana ndiye aliyetoa, na ndiye aliyechukua. Ni maneno mazito, na mtu aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja ana haki ya kuyasema.

Ila, ndugu zangu, maneno hayo yako sura ya 1. Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Sisi tunasoma ya kwanza, tunafunika kitabu, tunakwenda makaburini.

Ukifungua sura ya 3, ni mtu mwingine kabisa. Anailaani siku aliyozaliwa. Anauliza kwa nini hakufa tumboni mwa mama yake. Na kuanzia hapo anazungumza na Mungu kwa lugha ambayo leo mtu akiisema kwenye maombi ya Jumatano, wazee wa kanisa watamfuata nyumbani. Anamwambia Mungu amegeuka kuwa mkatili kwake. Anataka kesi. Anataka Mungu aje mahakamani, akae upande mmoja, yeye upande mwingine, shauri lisikilizwe.

Sasa wako wale marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipofika, walifanya jambo zuri ambalo sisi tumelisahau. Walikaa naye chini, ardhini, siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku saba! Wangeondoka siku ya nane kimyakimya, tungewasifu mpaka leo. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Lakini sikilizeni walichosema. Hawakukufuru hata kidogo. Walisema Mungu ni mwenye haki. Walisema Mungu hamwadhibu mtu bure. Walisema ukitubu atakurudishia. Walisema heri mtu ambaye Mungu anamrudi. Chukua hotuba za Elifazi, zitoe jina, mpe mhubiri yeyote mwenye sauti nzuri Jumapili hii, ahubiri. Atapata amina tele. Wapo watakaotokwa na machozi.

Na mwisho wa kitabu Mungu anasema nini? Sura ya 42. Anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Nairudia hii. Waliomtetea Mungu ndio waliomkasirisha. Yule aliyelia, aliyelalamika, aliyedai kesi, ndiye aliyesema sawasawa. Tena wale watatu wakaamriwa wapeleke ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, na Ayubu, mgonjwa mwenyewe, ndiye awaombee.

Mimi nadhani kila anayepewa kipaza sauti msibani angepaswa kusoma mstari huo kwanza, akiwa bado amekaa.

Na jambo jingine. Mungu alipokuja kusema na Ayubu kutoka ndani ya upepo wa kisulisuli, je, alimweleza kwa nini watoto wake walikufa? Hapana. Alimuuliza habari za misingi ya dunia, za nyota, za mbuzi wa milimani wanavyozaa. Ya Shetani na lile shauri la mbinguni mwanzoni mwa kitabu hakuyataja kabisa. Ayubu hakupewa sababu. Sasa ikiwa Mungu mwenyewe hakutoa sababu, mhubiri wetu wa saa nane mchana ameipata wapi?

Hapa nigusie kidogo wale ndugu zetu wa mahubiri ya maradufu, halafu niwaache. Hao wanaipenda sana ile hesabu ya mwisho: kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Panda mbegu, utapata mara mbili. Lakini hesabuni vizuri. Mifugo iliongezwa mara mbili, watoto hawakuongezwa. Walikuwa kumi, wakazaliwa kumi wengine. Wale wa kwanza hawakurudi. Mama yeyote aliyezika mtoto, kisha akajaliwa mwingine, atakueleza hesabu hiyo bila kuhitaji chupa ya mafuta ya upako.

Haya. Sasa nawasikia mkisema, umelaumu vya kutosha. Je, yupo aliyewahi kuhubiri vizuri juu ya mateso? Yupo. Wapo wengi, na wengi wao majina yao hatutayajua. Lakini mmoja habari zake zinajulikana, na si za mbali. Twende Uganda, Februari 1977.

Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana kule wakati ule alikuwa Janani Luwum, Mwacholi kutoka kaskazini, mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji. Idi Amin alikuwa ametawala miaka sita, na watu walikuwa wanapotea. Mtu anachukuliwa ofisini mchana, anaingizwa kwenye gari, basi. Luwum alikuwa na mazoea ya kwenda kuuliza: fulani yuko wapi? Mapema mwezi huo, usiku wa manane, askari waliingia kwa nguvu nyumbani kwake Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu hawakunyamaza. Waliandika barua kwa Amin, wakaeleza lililompata askofu mkuu wao na yanayowapata raia, wakatia saini. Sijui kama leo tunaelewa maana ya kutia saini barua kama ile, mwaka kama ule.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya askari na mabalozi, silaha zimepangwa chini, wanaambiwa ni zao. Askari wakapiga kelele kwamba auawe. Baadaye maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda. Luwum akabakizwa.

Asubuhi yake redio ikatangaza. Naam, redio, chombo hikihiki ninachozungumzia, na kila nikikumbuka habari hii naona uzito wa kazi yangu. Redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari.

Ajali ya gari.

Mwili haukurudishwa Namirembe. Ulipelekwa kimyakimya kijijini kwao Mucwini, upande wa Kitgum, uzikwe huko. Waliouona waliona matundu ya risasi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuseme wewe ni mhubiri, na Jumapili inayofuata unasimama mbele ya waumini Kampala. Serikali imesema ni ajali. Ukisema kazi ya Mungu haina makosa, ukasema saa yake ilikuwa imefika, ukasema Mungu amempenda zaidi, nani atafurahi? Fikiri vizuri. Atafurahi aliyempiga risasi. Maneno matakatifu kabisa, na hayo ndiyo hasa muuaji aliyoyahitaji.

Watu wa Namirembe walifanya nini? Kando ya kanisa kuu, pale kilimani, kaburi lilikuwa limeshachimbwa karibu na la Askofu James Hannington, yule aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Ibada ya kumkumbuka Luwum ilikatazwa. Lakini Jumapili ni Jumapili, nani atakataza? Tarehe 20 watu walikuja kwa maelfu, kama waendao kwenye ibada ya kawaida. Ibada ikaisha, hawakwenda nyumbani. Walitoka nje wakasimama kuzunguka lile kaburi lisilo na mtu, wakaimba. Na mzee mmoja, Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu aliyemtangulia Luwum, akawakumbusha walichoambiwa wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka: kwamba wanayemtafuta hayupo hapa, amefufuka.

Mnaona ilivyokuwa? Wauaji waliuficha mwili ili pasiwe na mazishi, na pasipo mazishi pasiwe na mahubiri. Kumbe kaburi tupu ndilo somo lenyewe. Mhubiri hakuhitaji kuongeza kitu. Katika maneno hayo hakusema kifo kile kilikuwa chema. Hakusema Mungu alikitaka. Hakuitaja hata hiyo ajali. Kila aliyesimama pale alijua kwamba Yesu wa habari ile alikufa kwa kuuawa, na waliomuua walikuwa na askari wa kulinda kaburi. Ukihubiri ufufuo kwa watu kama wale, umeshawaambia pia ni mauaji.

Hivyo, kwa maoni yangu, ndivyo ukombozi unavyohubiriwa. Ukweli wa mateso ulitangulia, habari njema ikafuata, na hakuna kilichofutwa. Ndugu zetu wa Uganda sasa wanaikumbuka tarehe 16 Februari kila mwaka kama sikukuu ya taifa, na sanamu ya Luwum imesimama juu ya mlango wa Westminster Abbey kule London. Lakini mimi nikimfikiria huwaza zaidi lile kaburi na yule mzee.

Wazee kama Sabiti walilelewa na ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika mpaka Burundi. Hao ndio Walokole. Kwao mhubiri alikuwa kwanza shahidi: anasimama anasema mimi lilinipata hili, nilifanya hili, Yesu alinitendea hili. Wapo waliowalaumu kwamba waliangalia mno dhambi ya mtu mmojammoja na kuiacha siasa ijiendee. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini desturi ile ya kutubu hadharani iliwafundisha jambo: uongo hauingii kwenye ushuhuda. Basi siku serikali ilipowaletea uongo, hawakuwa na mahali pa kuuweka.

Yuko mmoja wao ambaye wasikilizaji wa Dodoma mtafurahi kumsikia, maana alifundisha shule kwenu miaka ya 1940 na 1950. Festo Kivengere. Alikuwa askofu wa Kigezi wakati Luwum anauawa, mmoja wa wale waliosimama juani siku ile. Alipojua naye anatafutwa, yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua watu duniani, kwa sababu alisema anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba akiwa anatazama msalaba, ambapo Yesu aliwaombea msamaha waliompigilia misumari, aliona hana ruhusa ya kubaki na chuki.

Mahubiri ya msamaha ni magumu, na yametumiwa vibaya sana. Hapa naomba akina mama mnisikilize, na akina baba msiondoke. Mara ngapi mwanamke amekwenda kwa mchungaji na jicho limevimba, akaambiwa: vumilia mama, beba msalaba wako, Yesu naye aliteseka? Anarudishwa kwenye nyumba ileile, kwa mkono uleule. Wanamhubiria mateso ya Kristo ili akubali kipigo cha mume.

Sasa tumtazame Kivengere. Alisamehe, ndiyo. Lakini alisamehe akiwa upande wa pili wa mpaka! Hakubaki Kabale akisubiri gari lije kumchukua, eti kwa kuwa anampenda Amin. Alikimbia kwanza. Na katika kusamehe hakusema Amin hana hatia. Alizunguka dunia akieleza yanayotendeka Uganda. Alirudi mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondoka. Kwa hiyo mchungaji, katekista, mama mlezi wa vijana, yeyote anayemshauri mwanamke yule: msaidie avuke mpaka. Mpe pa kulala, mpeleke dawati la jinsia polisi. Habari ya kusamehe itazungumzwa jicho likishapona, na ataizungumza mwenyewe.

Twende na pwani kidogo kabla muda haujaniishia, tukaone mahali ambapo jengo lenyewe linahubiri ukombozi. Wengi mmefika Mkunazini, Unguja, kwenye lile Kanisa Kuu la Kristo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na kanisa likajengwa palepale sokoni. Inaelezwa kwamba madhabahu imewekwa mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere aliyelijenga kanisa amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Mahubiri gani yatazidi hayo? Mahali pa mijeledi, leo panamegwa mkate.

Ni kweli, na ni vizuri. Ila mwaka 1873 lilifungwa soko. Utumwa wenyewe Zanzibar uliendelea kuwa halali mpaka 1897. Miaka 24! Ina maana kulikuwa na Jumapili nyingi sana ambapo ndani ya jengo lile ulihubiriwa ukombozi, na nje, kwenye mashamba ya karafuu, mtu alikuwa mali ya mtu kwa mujibu wa sheria. Na kule Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walinunua watumwa, wengi wao watoto, wakawakomboa kwa fedha taslimu. Kazi kubwa, na waliokombolewa waliithamini. Lakini nao waliishi kwa kengele, kwa ratiba, kwa jembe la shamba la misheni. Sisemi ni sawasawa na utumwa. Mtu aliyeonja vyote viwili angenicheka. Nasema tu kwamba mhubiri wa Mkunazini wa miaka ile alikuwa na kazi mbili: kuwaonyesha watu madhabahu, na kuwakumbusha kwamba huko shambani bado.

Kazi hizo mbili wanazo hata wahubiri wa keshokutwa, ndiyo maana nawaonea huruma. Katika yale maneno saba, kuna moja ambalo wakati wa kugawana wengi hulikwepa. Neno la nne. Lile ambalo Yesu anamlilia Mungu akimuuliza kwa nini amemwacha. La kwanza, la kusamehe, linahubirika. La pili, la yule mwizi kuahidiwa paradiso, kila mtu analitaka. La nne? Mhubiri anapanda madhabahuni, analisoma haraka, kisha anaanza kumtetea Mungu: hakumwacha kweli, alikuwa anakariri Zaburi ya 22, na zaburi hiyo inaishia kwa sifa.

Ni kweli inaishia kwa sifa. Lakini aliyekuwa msalabani alitaja mwanzo wake. Tena maneno saba tunayapata kwa kukusanya Injili zote nne. Ukichukua Marko peke yake, Yesu msalabani ana neno moja tu, nalo ni hilo. Mathayo vilevile. Baada yake ni kilio kikubwa, na kufa. Waliosimama karibu hawakuelewa, walidhani anamwita Eliya. Mbinguni hakukusikika jibu. Marko hakuona haya kuliandika hivyo, wala hakuweka maelezo chini ya ukurasa.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa neno la nne Ijumaa hii, usiombe kubadilishana na mwenzako. Lisome polepole. Kisha kaa kimya kidogo, usiogope, mpiga kinanda asijaze nafasi. Mle kanisani yuko mjane wa yule kijana wa bodaboda. Yuko baba aliyekosa damu ya kumwongezea mkewe. Hao swali hilo wameliuliza usiku, wakadhani wamekufuru. Waache walisikie kutoka kinywa cha Yesu kabla hujaanza kueleza chochote. Jumapili ya Pasaka utapewa muda wa kutosha, na kengele zitapigwa.

Na ukipita mwezi, mtu mmoja kati yenu aende na yule mjane kituo cha polisi kuuliza faili la ajali limefikia wapi.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Juma lijalo nitasoma barua zenu na ujumbe wenu wa simu. Hasa ningependa kusikia kutoka kwa mliofiwa: ni neno gani mliambiwa siku ile likawasaidia, na nani alilisema, hata kama hakuwa mchungaji. Msiandike majina ya marehemu.